Springi Ambazo Bi Shirin Alikataa Kuniuzia

Bado naikumbuka, mwanangu, asubuhi ile ambayo Bi Shirin alikataa kuniuzia springi. Nilikuwa nimesimama mbele ya kaunta ya duka lake la spea pale Bukoba mjini, nimevaa ovaroli yangu ya chuo cha ufundi, nimetoka Kamachumu kwa gari la alfajiri, na nilijua kabisa nilichofuata: springi fupi na ngumu, za mbele na za nyuma. Alikwisha kuzitoa na kuziweka mezani. Kisha akaniangalia juu ya miwani yake, akazirudisha kabatini, akafunga kabati.

Nakwambia haya, Alinda, kwa sababu jana ulikuja hapa gereji ukanionyesha picha za magari ya mbio kwenye simu yako. Umenunua gari lako kwa jasho lako, na hilo linanifurahisha mno. Unataka kwenda nalo kwenye siku ya mbio kule ng'ambo ya mpaka, ukalizungushe uwanjani kama wenzako, na wale wa kundi lenu la simu wamekushauri ulishushe, ulikaze, ulifungie shokapu za kurekebisha urefu. Ulisema, "Shangazi, niwekee tu, wao wanajua." Nilikwambia uliache gari, uje leo ukiwa na nafasi. Basi kaa hapo kwenye kiti, gari lipo kwenye jeki, halikimbii. Kisa hiki kinamhusu baba yako pia, na usidhani namsema kisogoni. Nilimpigia jana nikamwomba ruhusa. Alicheka, akasema mwambie yote.

Huyo baba yako unayemjua wewe, anayeendesha kama amebeba mayai kutoka Buganguzi mpaka mjini, zamani alikuwa moto. Deus kaka yangu! Akipita Kamachumu wenye maduka walitoka nje kutazama. Tata, yaani babu yako, alikuwa na gari dogo la Kijapani, la milango minne, ambalo siku za kazi lilibeba kahawa na wageni wa nyumbani, na Jumamosi alituachia. Deus aliendesha, mimi nilitengeneza. Mimi nilikuwa msichana peke yangu katika darasa letu la umakanika, na nikwambie bila aibu, nilikuwa mzuri. Nikilisikia gari linapanda mlima kwa mbali niliweza kukwambia linaumwa wapi.

Miaka ile vijana wachache wa Bukoba na Muleba wenye magari walikuwa na mchezo wao. Upande wa chini kule Muleba kulikuwa na eneo pana la changarawe ambalo wajenzi wa barabara walilisawazisha wakaliacha. Walipanga matairi mabovu kuonyesha njia, gari moja moja likazunguka, mtu akashika saa. Aliyekuwa na mwendo bora alishangiliwa, akanunuliwa soda, basi. Kiongozi wa mchezo alikuwa Saidi, kijana wa mjini, mtoto wa fundi cherehani mwenye asili ya pwani na mama Mhaya. Saidi alilishusha gari lake mpaka likawa kama linataka kulala, na lilikuwa gumu kama benchi. Kwenye sehemu iliyo tambarare hapakuwa na wa kumfikia. Letu, kila likiingia kona, lililala upande kama mtumbwi uliopakiwa vibaya, na mkia ukawa unatoroka. Watu walicheka.

Jumamosi moja mkia ulitoroka sana, gari likaserereka mpaka kwenye matairi ya ukingoni. Siku hiyo mimi sikuwapo, nilikuwa kwenye mtihani. Deus alirudi nyumbani kimya, akaniambia neno moja tu: "Nenda kwa Bi Shirin uniletee springi ngumu kama za Saidi." Kabla ya kwenda nililala chini ya gari nikalikagua. Nikaona nilichoona, nikanyamaza, nikaenda mjini.

Bi Shirin huyo, Alinda, hukumkuta. Alikuwa wa zile familia za asili ya Kihindi zilizokuwa na maduka mjini, na wakati huo wengi wao walikwisha hama. Yeye alibaki na duka la marehemu mume wake. Kihaya chake kilikuwa cha mtu aliyezaliwa hapa, kwa sababu alizaliwa hapa. Senene, wale panzi tunaokaanga, aliwapenda kuliko sisi.

"Hizi ni za gari gani?" aliniuliza siku ile.

"La Tata, Bi Shirin. Kaka anataka tulishushe, lishike kona."

"Na fundi wa gari hilo ni nani?"

"Ni mimi."

"Na fundi anasemaje?"

"Kaka anasema likiwa gumu kidogo..."

"Kemi," akanikatiza, "kaka yako simwoni hapa. Nimemuuliza fundi."

Nilikuwa na jibu tangu nyumbani. Bushi za mbele, ile mipira inayokaa kati ya chuma na chuma ili gurudumu lisichezecheze, zilikuwa zimeliwa zote. Shokapu za nyuma, zile zinazotuliza springi zisirukeruke, zilikuwa zinavuja mafuta. Ukiweka springi ngumu juu ya shokapu zilizokufa, gari linaruka kama mpira, na gurudumu lililo hewani halishiki kitu. Nilijua. Nilinyamaza kwa sababu Deus ni mkubwa wangu, yeye ndiye dereva, na nyumbani kwetu Deus akizungumza habari za gari hata Tata alisikiliza.

"Bushi zimekwisha," nikasema mwisho. "Na shokapu za nyuma zinavuja."

"Umemwambia?"

"Bado."

"Waitu, jamani!" alisema, akavua miwani. "Sikiliza, binti. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta hii tangu nilipoolewa. Wanaokuja kuniambia kile alichosema mtu mwingine nawafahamu, wengine nimekwenda kwenye misiba yao. Wewe umefundishwa kuona. Ukiona halafu ukafunga mdomo ili mkubwa wako asikasirike, heshima yako hiyo itamvunja shingo. Nenda kamwambie. Akikataa, mlete hapa nimwambie mimi. Ila springi hizi hutoki nazo leo."

Nilitoka na bushi na shokapu badala ya springi. Nilikasirika, usidhani nilikuwa mwema. Njia nzima nilikuwa nabishana naye kimoyomoyo, naona amenidhalilisha mbele ya wateja. Lakini gari lilipoanza kupanda mlima wa Kamachumu hoja zangu ziliniishia. Nilichobaki nacho ni woga wa kumkabili Deus.

Nilimkuta uani, karibu na mikeka ya kahawa. Alifungua mfuko, akatazama ndani.

"Springi ziko wapi?"

"Sikuzileta. Kaka, bushi za mbele zimekwisha na shokapu za nyuma zimekufa. Tukiweka springi ngumu juu ya hivyo, gari litakuwa baya kuliko lilivyo."

"Nilikutuma springi."

"Ulinituma kama mdogo wako. Nimerudi kama fundi wako."

Deus alinitazama kama mtu aliyeona mbuzi akizungumza. "Na tangu lini umejua kuliendesha gari hili kuliko mimi?"

"Sijasema najua kuliendesha. Nasema najua kilichoko chini yake."

Alitupa kitambaa chini akaondoka. Na mimi nikaingia chini ya gari. Nilitoa bushi za zamani kwa jeki na kipande cha bomba, nikaingiza mpya. Kuna jambo moja hapo, Alinda, ambalo mafundi wengi wa haraka hawalifanyi: bolti za ile mikono ya chuma inayoshika gurudumu usizikaze gari likiwa hewani. Lishushe kwanza likanyage ardhi kwa uzito wake, ndipo ukaze, la sivyo mpira unakaa umejipinda na utakufa mapema. Nikafunga shokapu, nikavuta kamba ubavuni mwa magurudumu kuyanyoosha. Springi niliziacha zilezile za mwanzo. Zilikuwa nzima, zilisingiziwa tu.

Siku zilizofuata Deus hakunisemesha. Mwishoni, wakati wa chakula, alisema mbele ya Tata: "Kama ana uhakika kiasi hicho, Jumamosi aendeshe mwenyewe."

Nilidhani Tata atakataa. Alitafuna chakula chake taratibu, akasema, "Aendeshe yeyote atakayelirudisha zima. Likirudi limekunjamana, litabeba kahawa tu mpaka nife." Akaomba aongezewe ndizi.

Basi nikawa dereva. Kila alasiri nilichukua gari kwenye njia ya vumbi ya kuelekea Buganguzi, mahali pasipo na watu, nikajifunza. Gari lilikuwa limebadilika kabisa. Nikigeuza usukani lilinifuata pale pale. Likipita kwenye makorongo lilizama mara moja, likarudi mara moja, likatulia. Bado lililala kidogo kwenye kona, lakini lilikuwa linalala kwa adabu, na magurudumu yote yalibaki chini. Nilianza kuimba humo ndani.

Alasiri moja nawasha gari, mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, Deus akaingia akakaa. Niliendesha. Tulipofika kwenye kona moja yenye mawe nikaingia kwa kasi niliyoizoea, na kwa pembe ya jicho nikaona mkono wake umeng'ang'ania mpini wa mlango.

"Simama," akasema.

Nikasimama kando ya migomba. Akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Ile Jumamosi gari liliposerereka, nyuma ya matairi walikuwa wamesimama watazamaji, na aliyekuwa mbele yao ni Kokushubira, mchumba wake. Yaani mama yako, mwanangu. Gari lilisimama mahali ambapo angeweza kunyoosha mkono akaligusa. Yeye alicheka, akadhani ni mchezo wa Deus. Deus hakulala siku ile wala zilizofuata.

"Nilidhani likiwa gumu halitanitoroka tena," alisema. "Kemi, mimi naiogopa ile kona. Siwezi kuwaambia kina Saidi kwamba naogopa."

Kumbe na yeye alikuwa amefunga mdomo, kama mimi. Mtu anayelijua tatizo la gari na mtu anayeijua hofu yake tulikuwa tunakula sahani moja kila jioni, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Nilimwambia, "Kaka, lililokutoroka ni bushi na shokapu. Hofu yako haikukosea." Aliegemeza kichwa kwenye kiti. Kisha akasema, "Endesha tena ile kona. Nataka nisikie linavyokaa." Tukairudia mpaka jua likaanza kushuka, na mara ya mwisho aliendesha yeye.

Lakini Jumamosi alishikilia niendeshe mimi, kwa kuwa neno lilikwisha semwa mbele ya Tata.

Tulifika uwanjani kumejaa. Watu wametoka Muleba, wametoka Bukoba, na wale wauza karanga wamekuja. Jambo la kwanza nililoliona ni watazamaji, wamesimama palepale nyuma ya matairi kwenye ile kona, watoto wakiwa mbele. Safari hii sikungoja kuulizwa na Bi Shirin wala na mtu mwingine. Nilimwendea Saidi.

"Saidi, wale watu waondoke pale. Wapande kwenye tuta la udongo."

"Kemi, watu wamekuja kuona."

"Wataona vizuri zaidi wakiwa hai."

Wenzake walicheka. Mmoja akasema dereva mpya ameanza kuogopa kabla hajawasha gari. Nikasema, "Ndiyo, naogopa, na gari langu haliondoki hapa mpaka watu wale wahame." Nilikuwa nimezima gari katikati ya njia, kwa hiyo hata wao wasingepita. Saidi alinung'unika, akatazama saa yake. Aliyelimaliza jambo ni Deus. Alikwenda mwenyewe kwenye kona, akawashika watoto mikono, akawaambia wazee kwa heshima, "Waitu, twendeni juu kidogo." Deus akikwambia hivyo unakwenda. Pale pakabaki patupu.

Nikaendesha. Siwezi kukueleza kila kona, maana mwenyewe sizikumbuki zote. Nakumbuka kwenye tambarare nilikuwa wa kawaida tu. Nakumbuka sehemu yenye makorongo, ambayo wengine waliipita wakirushwarushwa, gari letu liliipita likiwa limetulia, na nikaweza kukanyaga mafuta mapema wakati wengine wangekuwa bado wanapigana na usukani. Kwenye ile kona mkia ulisogea kidogo, nikaurudisha, tukatoka. Nilipomaliza, mshika saa aliitazama saa yake, akaigonga kwa kidole kama vile imekwama. Tulikuwa mbele ya wote waliokwisha kupita.

Saidi ndiye aliyekuwa wa mwisho, na alitaka kuturudisha mahali petu. Aliingia kwa nguvu zake zote. Tambarare aliimaliza kama risasi. Alipofika kwenye makorongo gari lile gumu likaanza kuruka, gurudumu moja hewani, lingine chini, na akaingia kwenye kona likiwa bado linaruka. Halikugeuka. Lilipita katikati ya matairi, likayatawanya, likaenda kusimama katikati ya vumbi, mahali palepale ambapo dakika chache kabla walikuwa wamesimama watu.

Vumbi lilipotua tuliona Saidi anatoka mzima, anatazama ardhi aliyosimama. Kisha akatazama juu kwenye tuta, anatafuta mtu. Alipompata akakaa chini palepale. Nilimfuata, nikamsikia anasema, "Mdogo wangu Mwajuma alikuwa amesimama hapa. Nilimwona nilipokuwa nafika asubuhi. Hapa hapa." Deus akachuchumaa karibu naye, akaweka mkono begani kwake, akamsimulia habari ya Kokushubira. Walikaa pale muda mrefu wawili hao. Hakuna aliyewacheka.

Saidi mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba nimeshinda. Na wiki iliyofuata alipandisha mlima mpaka Kamachumu na gari lake, akaniambia, "Lifungue lote, uniambie kila unachokiona, hata kama sitakipenda." Akawa mteja wangu wa kwanza. Kabla ya mwaka kwisha, kila gari la mchezo ule lilipita mikononi mwangu, na hii gereji unayoiona ilianzia hapo. Bi Shirin alikuja kuniuzia springi baadaye, gari letu lilipokuwa tayari kwa springi, na hazikuwa ngumu kama nilizozililia. Deus naye aliendelea na mbio kwa miaka kadhaa, akawa bora kuliko alivyokuwa, mpaka ulipozaliwa wewe, akaacha kwa hiari yake. Mimi sikuacha.

Sasa tuje kwa gari lako, mwanangu. Jana ulipoondoka nililala chini yake. Injini yako ni safi. Bol-jointi ya kulia, kile kiungio kinachoruhusu gurudumu kugeuka, imechoka, na shokapu moja ya nyuma imeanza kutoa jasho. Tutaanza hapo, na tutabadilisha pande zote mbili, kwa sababu gari lenye mguu mmoja mpya na mmoja mzee halijui liende wapi. Tutalinyoosha magurudumu. Halafu utaliendesha wiki nzima kwenye njia zako za kila siku, Rubafu na kurudi, uje unieleze linavyokaa kwa maneno yako wewe. Likilala kwenye kona tutaliwekea stabilaiza nene, kile chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia. Ukitaka zaidi ya hapo tutakwenda kwenye springi, ngumu kidogo, kwa sababu uwanja wenu una lami lakini njia ya kufika huko unaijua. Tutabadilisha kitu kimoja, tukijaribu, ndipo tuende kwa kingine. Ukibadilisha vyote kwa siku moja hutajua kipi kimekusaidia na kipi kinakuvizia.

Wale wa kundi la simu sina ugomvi nao. Wasikilize, wapo wanaojua. Lakini hakuna hata mmoja atakayekuwa kwenye kiti chako gari likianza kuserereka, kwa hiyo neno la mwisho liwe lako. Ukiona kitu kibaya kwenye gari la mwenzako, mwambie hata kama ni mkubwa wako, hata kama ni mchumba wako, hata kama watacheka wote. Mwambie kwa heshima, lakini mwambie kabla hajawasha. Na ukiwa na hofu, itaje jina. Nimewaona madereva wengi, na waliodumu ni wale walioweza kusema, "Leo hapa naogopa, ngoja niangalie." Hii ni kwa mashine na ni kwa watu, na kwa kazi yako, na kwa nyumba utakayoijenga. Mimi nimeishi hivyo, na sijutii.

Haya, nipe hiyo spana namba kumi na saba, tuanze kazi. Mwenyezi Mungu akujalie macho ya kuona mapema na kinywa cha kusema bila kutetemeka. Akuwekee kando yako watu watakaokwambia kweli. Na kila siku utakayokwenda kukimbia, ikiisha, awafikishe wote makwao salama, wewe na wenzako na waliokuja kuwatazama, mkae jioni mkila na kusimuliana.